Viti vya mninga vya kuchongesha Keko

Kama unatafuta seti ya Kituruki yenye vifungo vya kung'aa mgongoni, usipoteze bando lako hapa. Maduka ya vioo vikubwa yamejaa, chagua tu. Mimi nazungumzia viti viwili vya mbao ya mninga nilivyochongesha Keko, kandokando ya Barabara ya Chang'ombe, Temeke. Nimevikalia vya kutosha kuvisemea.

Nilitoka nyumbani najua ninachotaka: kiti ambacho mbao yake inaonekana, mikono mipana ya kuwekea kikombe cha chai, mito inayovuliwa kava zikafuliwa. Vile viti vya sebuleni kwa watumishi wa serikali enzi hizo, ambavyo sisi watoto tulikuwa tunafukuzwa tusirukie. Kila niliyemweleza alinionea huruma. Mdogo wangu akasema, "Dada, hizo zilipendwa. Siku hizi watu wanaweka kijivu, jipsamu, na taa nyuma ya TV." Kijivu chenyewe kiko kwake, kwa wifi yangu na saluni ninakosukia nywele.

Nilipita duka moja la samani, nisije nikaambiwa sikuangalia. Kijana wa pale alinimwagia maneno: ya kisasa, ya kishua, muundo wa Kiitalia. Nikamuuliza ndani imetumika mbao gani. "Ya kisasa, mama." Nikapitisha mkono chini ya sofa, nikakuta ni ule ubao wa unga wa mbao, umeshikwa kwa pini. Ubao huo ukilowana unavimba, na pini zikiachia ndiyo basi. Halafu juu yake velveti, kwa joto la Dar la Februari, umeme ukiwa umekatika. Hapo waliowahi kukalia wananielewa.

Fundi wa Keko aliangalia mchoro niliouchora nyuma ya kalenda, akacheka. "Mama, huu mtindo hawauagizi tena. Lakini mbao yake ipo." Akavuta ubao kwenye rundo, akaupiga randa kidogo, rangi ikatoka: kahawia yenye mistari ya wekundu, na pembeni ukanda mweupe. Hapo ndipo pa kukaza macho. Ile kahawia ni kiini cha mti, mchwa hawaipendi. Ile nyeupe ya pembeni inabunguliwa, na ukiishaona unga unadondoka chini ya kiti ujue umechelewa. Nilimwambia nyeupe sitaki hata kwenye miguu ya nyuma, akaongeza bei kidogo, na nilimuona ana haki, maana mbao inayotupwa ni nyingi.

Mninga una sifa nyingine inayonifanya niupende kuliko mbao nyingi: ukishakauka vizuri haupindipindi. Ndiyo maana wazee waliutumia kwenye milango. Bei yake sasa imepanda, kwa hiyo wajanja wanachukua paina, wanaipaka rangi ya wekundu na vanishi nzito, unauziwa mninga. Dawa yake ni kumwambia fundi mapema kwamba utakuja kuona kiti kikiwa kwenye msasa, kabla ya vanishi, na kweli uende bila kupiga simu. Kama umekuta kimeshapakwa, kigeuze. Chini ya kikalio rangi huwa inapakwa kivivu, mbao halisi utaiona.

Jambo jingine ambalo hakuna duka lililoniuliza ni kimo. Mama yangu ana magoti mabovu, na sofa za sasa ukizama umezama, kumwinua ni kazi ya watu wawili. Nilikwenda na futikamba, nikataka inchi 18 kutoka sakafuni hadi juu ya mto, akiwa ameukalia mtu. Fundi alimkalisha msaidizi wake kwenye tofali na sponji tukapima. Mama sasa anainuka mwenyewe, anashika mikono ya kiti anasimama.

Kitambaa nilinunua Kariakoo: pamba nzito, kijani kibichi, maua ya njano makubwa. Fundi wa kushona mito alinisihi nichukue maziwa au kahawia, "rangi iliyotulia", maua yatanichosha. Hayajanichosha. Kava zina zipu, Jumamosi zinaingia kwenye beseni.

Sasa lawama. Ahadi ya fundi yule ni ya mafundi wote: Jumamosi, kisha msiba Mkuranga, kisha umeme, kisha "kesho asubuhi kabisa mama". Vanishi haikuachwa ikauke, viti vilipandishwa kwenye kirikuu bado vinanata, na harufu ilitufanya tulale madirisha wazi, na mbu. Chini ya mkono mmoja ncha ya skrubu ilikuwa imetokeza, ikachana dera langu. Fundi wa mtaani kwetu akaisaga. Kwa 380,000 kila kiti, bila mito, sikutegemea kukuta skrubu nje.

Kwenye kazi yenyewe simdai kitu. Miguu imeunganishwa kwa kuchongwa ncha ikaingia kwenye tundu lake na gundi, haikupigiliwa misumari tu, na wajukuu wamevipandia kama mwembe bila kiti kulia hata mara moja.

Ukienda, toa nusu ya hela, usizidishe, na nusu iliyobaki uitoe ukishakigeuza kiti miguu juu na kupapasa kila pembe. Nenda na mchoro wako mwenyewe, hata kama ni mbaya kama wangu. Usipokuwa nao, fundi atatoa simu yake akuonyeshe picha, na picha zote ni za sofa ya kijivu. Mimi nimeshaagiza meza ndogo ya katikati, mninga uleule, na safari hii nimemwambia vanishi nitapaka mwenyewe uani.