Stationery iliyotutengenezea kitabu cha Babu Mwalimu, Ngamiani Tanga

Jamani niwape uzoefu wangu maana najua wapo watu wamefiwa na mtu mzima na wanatafuta pa kuchapishia. Babu yetu alikuwa mwalimu wa msingi, kafundisha vijiji vya Handeni na Korogwe toka kabla ya UPE, ule mpango wa kila mtoto asome shule ya msingi, mpaka kustaafu, sasa hitma ya arobaini ilivyokaribia tukakubaliana tumtolee kijitabu. Nikaenda stationery moja hapa Ngamiani, kurasa 32 saizi ya A5, nakala 100, wakanichaji 3,500 kila moja, kuchapa na kupanga humohumo.

Aliyenifurahisha ni dada anayechapa. Nilimpelekea voisi za wasap zaidi ya 20 za wanafunzi wa babu, wengine wazee kuliko mama yangu, akazisikiliza zote hadi mwisho. Huyu anasimulia mchakamchaka wa alfajiri, yule babu anavyopita mstarini na rula kukagua kucha na kola, mwingine zile za 1977 watoto wamejaa madawati hayatoshi, babu anaingia asubuhi na mchana halafu jioni anafundisha kisomo cha watu wazima. Ukichelewa kengele, ile rimu ya lori iliyotundikwa mwembeni, unamwagilia bustani wiki nzima.

Na fimbo zimo. Kuna mzee kasema wazi alimuogopa babu mpaka akatoroka shule miezi miwili, na babu huyohuyo akamfuata kwao kwa baiskeli, akakaa barazani na baba mtu mpaka usiku, kesho yake mtoto akarudi darasani. Shangazi alitaka ya fimbo itolewe, eti tunamvunjia heshima marehemu. Yule dada akamuuliza kwa adabu, "Sasa shangazi, tukitoa fimbo, mtu atajuaje huyu mtoto alitoroka nini?" Shangazi akanyamaza kidogo, akasema haya iacheni. Mimi hapo ndo niliona hawa watu wanasoma wanachochapa.

Picha ya babu ya ujana, kaptula ya kaki na soksi ndefu, ilishaliwa na mchwa kona moja. Wameiskani wakaiziba vizuri na sura imebaki ileile, kwingine nilikoenda kwanza walimng'arisha hadi bibi akauliza huyu nani.

Kasoro zipo. Wamebana kwa pini mbili tu, ukikifungua sana karatasi za katikati zinaachia, kama una uwezo ongeza hela waweke gundi. Na walichelewa siku mbili, tumevichukua usiku wa kuamkia arobaini, usiku huo sikulala. Wape wiki mbili kabisa na uombe nakala moja ya kuhakiki kwanza, sisi tulikuta jina la kijiji limekosewa tukawahi kurekebisha.

Bibi macho hayaoni vizuri siku hizi, kila jioni anasomewa ukurasa mmoja na mjukuu wa darasa la nne, na ule wa baiskeli kashaurudisha mara tatu. Wiki ijayo naenda kuchapa nakala 50 zingine, wa Handeni hawajapata.