Goti moja lilichomwa sindano, jingine halikuchomwa: uzoefu wangu kwenye kliniki ya fiziotherapia Mtwara

Mtwara siku hizi ukilalamikia goti mbele ya watu watatu, hukosi mmoja wa kukuuliza, "Umeshachoma ile sindano ya damu yako mwenyewe?" Zamani tuliambiana habari za mafuta ya kuchua, maji ya moto yenye chumvi na mzee fulani wa kunyoosha mifupa. Sasa ni sindano. Nimeichoma, goti moja tu, na kwa kuwa naulizwa msibani, sokoni, hata madrasa ninapompeleka mjukuu, acha niandike yote hapa.

Mimi ni mbanguaji wa korosho. Si kiwandani, nyumbani kwangu Magomeni, mimi na kina mama wenzangu, kila mtu na kigoda chake. Kukaa chini na kuinuka miaka yote hiyo, na mwili nao ukaongezeka, magoti yakaanza kulia. Picha ya eksirei ilionyesha nafasi kati ya mifupa imepungua, kulia zaidi kuliko kushoto. Watu husema "ute umekwisha". Daktari alinieleza kwamba kilicholika ni gegedu, ule utando mgumu na laini juu unaofunika ncha za mifupa isisagane. Nilikuwa nasali kwenye kiti. Choo cha kuchuchumaa nilishakiogopa, na harusi za vijijini nilikuwa nakataa kwa sababu hiyohiyo, ingawa nilisema nina wageni.

Hakuna aliyeniambia nahitaji kubadilishiwa goti, lakini neno operesheni lilinikaa kichwani. Kwa mtu wa huku neno hilo haliji peke yake. Linakuja na Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550, na nani atakupikia huko, nani atabaki na nyumba, na msimu wa korosho haumsubiri mgonjwa. Ndiyo maana nikiona watu wamejaa kwenye benchi la ile kliniki siwashangai. Wengi hawajui damu iliyochujwa inakwenda kufanya nini ndani ya goti. Wanachojua ni kwamba hakuna kisu, unarudi nyumbani kwa miguu yako siku hiyohiyo, na kuna mama wa Masasi ambaye video yake imezunguka WhatsApp anacheza sindimba.

Kliniki yenyewe iko ghorofani. Ndiyo, kliniki ya magoti, ghorofani, bila lifti. Siku ya kwanza nilimkuta mzee mmoja anashuka kinyumenyume ameshika ukuta, na hakuna aliyeona ni kichekesho ila mimi. Ndani pasafi, feni zinafanya kazi, jenereta wanalo. Bango la nje linasema kwa herufi kubwa kwamba watakuoteshea gegedu upya bila upasuaji.

Binti wa mapokezi alinisalimia vizuri, shikamoo mama, karibu maji. Kabla sijaketi sawasawa akaniwekea karatasi ya vifurushi: sindano moja Sh 350,000, tatu kwa pamoja Sh 900,000, na kwa sindano hawapokei bima. Mazoezi yalikuwa chini kabisa kwa maandishi madogo, Sh 20,000 kwa kipindi. Ukiisoma ile karatasi utadhani mazoezi ni kachumbari, ya kuombea juu ya sahani ukimaliza kulipia pilau.

Kijana wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, ndiye sababu ya mimi kuandika. Karatasi ya vifurushi hakuigusa. Alinikalisha kwenye kiti akaniambia niinuke bila kushika popote, nikashindwa. Akanisimamisha mguu mmoja mmoja, akanishusha ngazi huku akitazama goti linavyoingia ndani, akabonyeza huku na huku. Hakuna daktari aliyewahi kukaa na goti langu muda mrefu hivyo.

"Mapaja yamelala, mama," akasema. "Kazi ya paja inafanywa na goti."

Nikamuuliza kuhusu sindano, maana ndiyo iliyonipeleka. Akanieleza bila haraka. Damu inatolewa mkononi, inazungushwa kwa kasi kwenye mashine mpaka chembe nyekundu zitue chini, juu yanabaki maji ya manjano yenye chembe sahani nyingi. Chembe sahani ndizo zinazogandisha damu ukijikata, na zimebeba protini zinazochochea kidonda kupona. Gegedu halina mishipa ya damu, kwa hiyo likiumia halijitengenezi vizuri, na wazo ni kulipelekea kile ambacho damu yenyewe haikifikishi.

"Wazo zuri," akasema, "ila matokeo bado yanatusumbua." Akanisimulia utafiti wa Australia uliotolewa 2021, watu 288 wenye umri wa kuanzia miaka 50 na magoti yaliyolika kama yangu. Nusu walichomwa maji ya chembe sahani, nusu maji ya chumvi tu, na hakuna mgonjwa aliyeambiwa kachomwa nini. Mwaka ulipopita maumivu yalikuwa yamepungua pande zote mbili, tofauti yao ndogo mno hata haihesabiki, na gegedu la waliochomwa damu yao halikusalimika kuliko la wenzao. Akaongeza kwamba zipo tafiti zilizoona nafuu, na kwamba kila mahali wanaichuja damu kwa namna yao, hivyo sindano mbili zenye jina moja huenda zisiwe dawa moja.

"Sasa mwanangu, na lile bango?"

Akatazama dirishani. "Bango si langu, mama."

Nilichoma hata hivyo. Msinicheke. Mtu mwenye maumivu, hela ya msimu ikiwa bado haijaisha, "huenda ikasaidia" inamtosha. Lakini kifurushi cha tatu nilikikataa, na nikataka goti la kulia peke yake. Binti wa mapokezi hakufurahi.

Anayechoma si kijana wa mazoezi, ni daktari anayekuja kutoka Dar Jumamosi fulani fulani, kwa hiyo ukikosa nafasi unasubiri. Nilikatazwa diklofenaki, ile dawa ya maumivu, kwa wiki moja kabla, kwa sababu dawa za aina hiyo hudhoofisha chembe sahani, na ile wiki ilikuwa ndefu. Siku yenyewe damu walitoa kama maabara tu. Mashine ikazunguka kama robo saa. Goti wakalisafisha, daktari akatazama kwa ultrasaundi sindano inapoingia, akasukuma. Inauma, lakini kwa muda mfupi. Kinachouma ni usiku wake. Goti lilivimba na kuwa zito, nikatumia panado na barafu kama nilivyoelekezwa, maana diklofenaki ilikuwa bado marufuku. Siku ya tatu nikawa naingia jikoni.

Nawapa alama kwa hili: kulikuwa na mama mwingine anayetumia dawa za kuyeyusha damu, daktari akamuuliza maswali, akamrudisha mapokezi arudishiwe hela yake. Kliniki ya kutafuta pesa tu isingefanya hivyo. Lakini fomu ya ridhaa ilikuwa ya Kiingereza kitupu, na nilipoomba nisomewe walinitazama kana kwamba nawachelewesha. Nimesaini baada ya kusomewa. Na wewe usisaini mpaka usomewe.

Kisha yakaja mazoezi, na huko ndiko kliniki ilipostahili hela yangu. Kuinuka kwenye kiti na kuketi taratibu, mikono kifuani. Kupanda na kushuka kipande cha tofali. Kulala chali na kuinua mguu ulionyooka. Kutembea kiubavu na mpira umefungwa miguuni. Yeye alikuwa na mipira ya rangi ya dukani, akaniambia nyumbani nitumie tyubu ya baiskeli iliyokatwa, inatosha. Kigoda cha kubangulia alikikataa, akaniambia nikae juu na kazi iwe mezani. Wenzangu walinitania kwamba nimekuwa karani. Akanieleza pia habari ya uzito, kwamba kila kilo unayopunguza inaliondolea goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Sikupenda kuisikia, lakini hesabu ile ilinikata hamu ya mandazi kuliko nasaha zote za mume wangu.

Wiki za mwanzo nilichukia. Mapaja yaliuma kuliko magoti. Baada ya mwezi na kitu niliinuka kwenye kiti bila kushika, na mwezi uliofuata nikaanza kusali chini tena, nikijiinua kwa mkono mmoja.

Magoti yote mawili yamepata nafuu. La kulia lililochomwa, na la kushoto ambalo halikuonjeshwa kitu. Asubuhi yote yanakakamaa kidogo kisha yanaachia. Yote yananishusha ngazi za ile ghorofa yao bila kinyumenyume. Anayeitetea sindano atasema la kulia ndilo lililokuwa bovu, kwa hiyo limetoka mbali zaidi, na siwezi kumbishia. Ila nikiulizwa Sh 350,000 zilinunua nini, siwezi kukionyesha kidole. Zile elfu ishirini ishirini naweza.

Wakati natoka kipindi cha mwisho, binti wa mapokezi aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mbele kuna mpango wa seli shina, zile seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, "hiyo ndiyo kiboko, mama". Hapo nilimkatalia kabisa. Hata Marekani, mamlaka yao ya chakula na dawa haijaidhinisha bidhaa yoyote ya seli shina kwa magoti yaliyolika, na sisi ndio tuanze kujaribiwa Mtwara? Wana pia mashine ya mawimbi ya mshtuko, inayopiga mawimbi ya nguvu mahali panapouma, lakini hiyo ni jambo jingine. Ilianza Ujerumani kwa kuvunja mawe ya figo mwaka 1980, na fundi mwashi mmoja niliyekuwa nakutana naye pale anaisifu kwa kisigino chake kilichomtesa muda mrefu. Mimi sikuitumia, siwezi kuisemea zaidi.

Kama goti lako limejifunga, limevimba na lina joto, au limeumia kwenye ajali, usianzie pale. Anzia hospitali. Kama ni la kusagika polepole kama langu, nenda, lakini piga simu kwanza uulize kijana wa mazoezi yuko zamu lini, si daktari wa sindano yuko lini. Huduma ya mazoezi naipa nyota tano. Mapokezi mbili. Ngazi sizipi kitu.

Dada yangu wa Newala ameniuliza juzi kama ateremke akachome na yeye, korosho zake ameshalipwa. Nimemwambia ateremke, atafikia kwangu, lakini aje na nauli na hela ya mazoezi. Ya sindano aiache hukohuko Newala.