Gundi ya pasi kwa beji za watoto: shati ndiyo, sweta hapana

Mimi ni baba wa watoto watatu wa shule, na sindano pekee ninayoimudu ni ile ya kushonea gunia. Fundi wa hapa Umoja, Nairobi, ni mzuri, lakini shule zikifunguliwa Januari cherehani yake imefunikwa na sare za mtaa mzima, na beji ndogo huwekwa mwisho wa foleni. Ndipo nikaenda Biashara Street kutafuta gundi ya pasi. Niliipata kwenye duka la vifungo na zipu, inakatwa kwa mita, chini ya shilingi mia.

Ni utando mwembamba wa gundi kavu uliolazwa juu ya karatasi. Ukiugusa haunati kidole, unangoja moto. Unakata kipande kidogo kuliko beji, unakiweka mgongoni mwa beji upande wa gundi ukitazama chini, unapitisha pasi juu ya karatasi. Ikipoa unabandua karatasi, na gundi inabaki kwenye beji. Usipokipunguza kile kipande, gundi huvuja pembeni ikashika uso wa pasi, na pasi ikishachafuka, shati jeupe linalofuata ndilo litakalolipa deni.

Kubandika kwenyewe kunataka subira. Pasi isiwe na mvuke. Unaiweka juu ya beji na kuikandamiza bila kuitembeza, maana gundi ikiyeyuka beji huteleza na kukaa upande. Beji za skauti, ukizitazama kwa karibu, zimezungushiwa uzi mnene kwenye ukingo. Ukingo huo unaibeba pasi juu, katikati pasipate uzito wa kutosha. Dawa yake ni kukunja taulo, kulilaza shati kifudifudi juu yake, kisha kukandamiza kutoka ndani. Ukingo unazama kwenye taulo na gundi inashika kote. Hesabu polepole hadi kumi na tano, inua, rudia. Halafu usiguse mpaka ipoe kabisa, kwa sababu gundi hii hushika inapopoa. Nyumbani kwangu hilo ndilo gumu, maana kitinda mimba wangu hawezi kuona kona ya kitu bila kuichokonoa.

Kwenye shati la pamba iliyochanganywa na poliesta imenifurahisha. Beji ya binti yangu, ambaye ni Sungura, yaani kundi la skauti wadogo kabisa, imelala sawasawa bila mikunjo ile ya kuvutwa na uzi. Kinachoisumbua ni brashi.

Mama anayetufulia alinirushia swali kutoka kwenye karai: "Baba Amina, hii beji mbona inaanza kucheka?" Kweli, kona moja ilikuwa imeachama. Nikamwomba awe anageuza shati ndani nje kabla ya kusugua. Akanitazama. "Na hiyo kola yote uchafu, nitaisugulia ndani?" Tukaelewana: kola kwa brashi, mfuko wenye beji kwa mkono, na shati lisilowekwe kwenye maji ya moto. Kona ile niliipiga pasi tena ikarudi mahali pake, jambo ambalo uzi uliokatika hauwezi.

Sweta ni habari nyingine. Soma lebo kwanza. Sweta nyingi za shule ni akriliki, na akriliki haipatani na moto huu. Nilijaribu kwenye pindo la sweta kuukuu ambalo limeshakuwa la kupangusia baiskeli: nyuzi zilianza kung'aa, zikalegea, na pindo halikujirudi tena. Hata kama beji ingeshika, sweta huvutika na beji haivutiki, kwa hiyo lazima moja imwachie mwenzake. Sweta mpelekee fundi, umlipe, yaishe.

Kuna wanaokimbilia supagluu kwa kuwa iko kila kioski. Kwenye nguo hukauka ikawa ngumu, inamkwaruza mtoto kifuani. Kibaya zaidi, ikikutana na pamba hupata joto ghafla, na inaweza kumuunguza mtu. Usithubutu kuitia nguo ikiwa mwilini mwa mtoto anayechelewa basi. Gundi ya nguo ya chupa ni salama zaidi, ila huhitaji siku nzima kukauka kabla ya kufuliwa, na sare yenyewe kwetu ni moja.

Nilichotaka kujua zaidi ni kuitoa, kwa sababu binti akipanda kuwa Chipukizi, kundi la skauti linalofuata Sungura, shati litarithiwa na mdogo wake. Inatoka: unaipasha moto, unainua kona ikingali moto na kuvuta taratibu. Doa la gundi hubaki. Weka karatasi ya kaki juu yake upige pasi, karatasi hunyonya sehemu kubwa, lakini kwenye shati la khaki bado naona kivuli. Kama beji mpya itakaa palepale, hakuna tatizo.

Shati naipa nane kwa kumi, sweta sifuri. Ukienda kununua, hakikisha ina karatasi upande mmoja. Kuna nyingine ya utando mtupu ambayo hushika vizuri vilevile, lakini hujikunja mkononi, na kwa vidole kama vyangu hiyo ni hasara ya shilingi mia.