Dambeli za kubadilisha uzito: mikono imekaza na haijatuna

Nimezitumia dambeli hizi muda wa kutosha kuzizungumzia. Ni zile za mpini mfupi wa chuma: sahani, yaani vyuma vya duara vya uzito, unapachika mwenyewe kila upande, kisha unakaza kwa nati. Nilitaka mikono iliyokaza, isiyo na nyama uzembe kwa nyuma, na isiyotuna kama ya baunsa. Nimeipata, na sifa kubwa naipa ile nafasi ya kuongeza uzito kidogo kidogo.

Wanawake wengi tunauziwa vidambeli vile vya kilo moja vya rangi za kupendeza, tunaambiwa turudie mara nyingi sana ili tusijazie. Mkoba wangu wa kila siku ni mzito kuliko hivyo! Msuli hubadilika ukipewa mzigo unaokaribia kuushinda. Kipimo changu ni marudio mawili matatu ya mwisho: lazima yapande polepole, bila kuyumbisha mgongo. Nikifika 12 na bado naweza kupiga soga, naongeza sahani.

Hofu ya kutuna naielewa, ila haina msingi. Testosteroni, homoni inayosukuma sana ukuaji wa misuli, mwanaume kwa kawaida anayo zaidi ya mara 10 ya mwanamke. Wale kinadada wa mashindano ya kutunisha misuli wameitafuta miili ile kwa miaka, kwa chakula cha kupimwa na vyuma vizito, na wapo wanaotumia dawa. Haimtokei mtu kwa bahati mbaya. Mwangalie Hou Zhihui, mnyanyua vyuma wa China: kwenye Olimpiki ya Tokyo aliinua jumla ya kilo 210, na alishindana katika kundi la wenye uzito wa kilo 49. Nguvu ya kwanza kabisa huja kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuuamsha msuli vizuri zaidi, hata kabla msuli haujakua.

Kazi yangu nyingi naielekeza kwenye traisepsi, msuli wa nyuma ya mkono, kwa kuwa ndio unaobeba karibu theluthi mbili ya misuli ya sehemu ya juu ya mkono. Baisepsi, msuli wa mbele ya mkono, peke yake haitakupa umbo. Nashika dambeli moja kwa mikono miwili, naishusha nyuma ya kichwa, naipandisha huku viwiko vikitazama mbele. Halafu navuta dambeli kuelekea kiunoni nikiwa nimeinama, na kusukuma juu ya mabega. Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha. Shirika la Afya Duniani lenyewe linashauri mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki.

Na hapo kwenye kushusha nyuma ya kichwa ndipo dambeli hizi zinaponiudhi. Ikisimama wima, sahani zote zinaelemea nati ya chini, na nati hulegea. Unaanza kusikia chuma kikigongana karibu na shingo yako. Nati za seti yangu zina pete ya mpira ndani, zinasaidia, lakini bado nazikaza upya kabla ya kila raundi na sitaacha. Kubadilisha sahani nako kunachukua muda. Mpini una vijino vidogo vinavyoshika vizuri hata kiganja kikitoa jasho.

Mafuta ya mkono hayatoki kwa kuuzoeza mkono huo tu; hupungua mwili mzima, kulingana na chakula, na mwili unachagua utaanzia wapi. Uzito wangu kwenye mizani haujashuka sana. Kilichobadilika nakiona nikinyoosha mkono kuchukua kitu juu ya kabati: kuna mstari nyuma ya mkono ambao haukuwepo, na mikono ya magauni yangu inanienea vilevile kama zamani.

Ningenunua tena, ila kwa sharti moja. Sahani ndogo kabisa za seti yangu ni za kilo 1.25, na kwa kuwa zinaingia mbili mbili, kila hatua ni kilo 2.5. Kwa zoezi la kuinua mikono pembeni, hiyo ni hatua kubwa mno. Nimetafuta sahani za nusu kilo kando. Pima tundu la sahani na unene wa mpini kabla hujalipa, maana si zote zinaingiliana.