Ubuntu ya majaribio: VirtualBox au diski halisi?

Ndani ya VirtualBox, programu inayoendesha kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, ipe beta (toleo la majaribio la mfumo endeshi wa Ubuntu) RAM ya GB 4 au zaidi na diski ya GB 25, kisha hifadhi snapshoti, yaani nakala ya hali yake ya wakati huo, kabla ya kila sasisho. Ikiharibika, unarudi nyuma mara moja. Kasoro yake ni kubwa: vifaa humo ni vya kuigiza, hivyo hutajua kama Wi-Fi au Bluetooth ya laptop yako inafanya kazi.

Kwenye diski halisi utajua, na ripoti za namna hiyo ndizo zenye thamani zaidi. Ila Windows yenye BitLocker, yaani ulinzi wa kusimba diski, inaweza kudai ufunguo wa kurejesha baada ya GRUB, programu ya kuwashia Ubuntu, kuwekwa. Uandike kwanza pembeni. Afadhali usakinishe kwenye SSD ya USB, ingawa hata hapo kisakinishi kinaweza kuandika GRUB kwenye diski ya ndani. Ukiweza, ichomoe hiyo ya ndani kabla ya kuanza.