Dark Holler na kazi ya John Cohen, mwimbaji aliyeshika kamera

Ndugu watazamaji, karibuni. Bidhaa iliyo mezani leo ni pakiti ya diski mbili iitwayo Dark Holler, iliyotolewa mwaka 2005 na Smithsonian Folkways, kampuni ya santuri ya Marekani. Diski ya kwanza ina nyimbo za mapenzi na za visa vya kale, zilizoimbwa na watu wa milimani katika Kaunti ya Madison, jimbo la North Carolina. Ya pili ni filamu fupi ya hali halisi iitwayo The End of an Old Song. Aliyezirekodi nyimbo hizo, akaitengeneza filamu na kuandika maelezo ya kijitabu kinachoambatana nazo ni mtu mmoja, John Cohen. Kwa hiyo sitaweza kuichambua pakiti bila kumweleza mwenyewe, kwa sababu uzuri wake wote, na hata kasoro yake kubwa, vimetokana na njia aliyoipitia.

Cohen alizaliwa New York mwaka 1932, akasomea sanaa katika Chuo Kikuu cha Yale, na mwaka 1958 akaungana na Mike Seeger na Tom Paley kuunda kundi la New Lost City Ramblers. Vijana hawa wa mjini walizisaka santuri za miaka ya 1920 na 1930, wakajifunza kuzipiga nyimbo za mashambani kama zilivyopigwa na wenyewe, kwa banjo, gitaa na fidla, na wakawa wanawataja wale waliowatangulia kuziimba. Hilo la kuwataja si dogo, maana wapo waliouchukua wimbo wa jadi kama mali isiyo na mwenyewe.

Mwaka 1959 alikwenda mashariki ya Kentucky, nchi ya migodi ya makaa ya mawe, na katika kijiji cha Daisy akakutana na Roscoe Holcomb, kibarua aliyekuwa amefanya kazi migodini na katika ujenzi, na ambaye nje ya kwao hakuna aliyemjua. Sauti ya Holcomb ni ya juu sana, kali, imebanwa kooni kama ya mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya bonde. Mwaka uliofuata sauti hiyo ilitoka katika santuri. Lakini Cohen alikuwa pia mpiga picha, na naamini hapo ndipo palipomsumbua: santuri ilikuwa na sauti isiyo na sura, picha ikawa na sura isiyo na sauti. Filamu ndiyo iliyoviunganisha. The High Lonesome Sound ya mwaka 1963, yenye urefu wa nusu saa hivi, ya rangi nyeusi na nyeupe, inamweka Holcomb katikati ya watu wake, ibada zao na migodi ambako mashine zilikuwa zimekwisha kuwanyang'anya wengi ajira. Tazameni jinsi kamera inavyoshuka kutoka usoni mpaka kwenye vidole vinavyodonoa nyuzi za banjo. Aliyeishika alijua kuchagua kitu cha kutazama, kwa kuwa naye alikuwa mpigaji.

Sasa turudi Madison. Cohen aliwaendea waimbaji wa huko katika miaka ya 1960, karibu nusu karne baada ya Mwingereza Cecil Sharp kupita mwaka 1916 akiandika nyimbo ambazo wahamiaji kutoka Uingereza na Uskoti walizivusha bahari. Anayetawala diski ya kwanza ni Dillard Chandler, ambaye huimba bila chombo chochote. Anasimulia mauaji na usaliti wa wapenzi kwa sauti isiyopanda kwa huzuni wala kushuka kwa furaha, na mwishoni mwa mstari huirusha juu kidogo, kisha huikata ghafla. Aliyezoea kusikiliza utenzi ukighaniwa kwa saa nzima hatapata taabu hapa, kwa maana uzito wote umeachiwa kisa na ubeti, na mwimbaji hajitangulizi mbele ya maneno. Aliyezoea ngoma na gitaa, nakiri, atachoka mapema, na simlaumu.

Filamu iliyo katika diski ya pili inamfuata Chandler huyo huyo, ikiuweka wimbo wake ubavuni mwa mashine ya santuri ya baa, ile inayopiga muziki mtu anapotumbukiza sarafu. Cohen hajazi maelezo marefu juu ya picha. Anauacha wimbo uende kwa mwendo wake na kumwacha mwimbaji awe mtu mzima mwenye upweke na matamanio, badala ya kumgeuza kuwa kielelezo cha mila. Kwangu mimi, hiyo ndiyo sababu ya kutosha ya kuitazama.

Kasoro imo katika jina lenyewe. Cohen aliitangaza filamu yake kuwa ni mwisho wa wimbo wa kale, na hali wimbo haukwisha. Doug Wallin, wa ukoo wa waimbaji hao hao, alipewa tuzo ya taifa ya urithi wa sanaa za jadi mwaka 1990, na Sheila Kay Adams, aliyejifunza kutoka kwa wazee wa kaunti ile, akaipata mwaka 2013. Macho ya mgeni mwenye mapenzi mara nyingi huona machweo mahali ambapo wenyeji wanaona siku ya kawaida.

Kazi yake ya Peru nitaigusa kidogo tu. Cohen alifika huko tangu miaka ya 1950 kwa ajili ya nguo za kufumwa, akaja kutengeneza filamu kuhusu Waqero wa milima ya Andes, na wimbo wa arusi aliourekodi Huancavelica mwaka 1964 umo katika diski ya dhahabu iliyorushwa angani na vyombo vya anga vya Marekani viitwavyo Voyager mwaka 1977. Alifundisha upigaji picha katika Chuo cha Purchase, New York, kwa miaka mingi, na akafariki mwaka 2019.

Kuhusu kununua, ushauri wangu ni huu. Anayetaka filamu peke yake asitumie fedha kwanza, kwa kuwa tovuti ya Folkstreams huonyesha filamu za namna hii bila malipo, na ni vyema aanze na ile ya Holcomb. Pakiti inamfaa anayezitaka sauti. Lahaja ya watu wa milimani ni ngumu hata kwa aliyesoma Kiingereza vizuri, kwa hiyo rudieni wimbo mmoja mara kadhaa kabla ya kuvuka mwingine. Msisikilize kwa spika ya simu. Tumieni vipokea sauti vya masikioni, kwa sababu pumzi ya Chandler kati ya mstari na mstari ni sehemu ya uimbaji wake, na spika ndogo huimeza.