Fisha, reli, rafu au gundi? Cha kununua kabla ya kutundika picha ukutani

Kabla hujanunua chochote, gonga ukuta kwa kidole. Ukisikia mlio wa debe tupu, hiyo ni jipsamu bodi na nyuma yake ni hewa. Ukisikia kidole kikiuma, ni tofali au zege. Wengi huenda dukani wakiwa wanaifikiria picha tu: ni kubwa, basi ipate msumari mkubwa. Mimi nasema ukuta ndio unaochagua, picha inafuata.

La pili, jua uzito. Panda kwenye mzani wa kawaida, kisha panda tena ukiwa umebeba picha, halafu utoe. Usikisie, maana kioo kinadanganya. Kioo cha unene wa mm 2 kina kilo 5 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo picha ya sm 60 kwa 90 ina kilo 2.7 za kioo peke yake, kabla hujahesabu mbao za fremu na ubao wa nyuma. Kama fremu bado haijatengenezwa na picha ni kubwa, mwambie fundi aweke akriliki, yaani plastiki angavu, badala ya kioo. Kwa unene uleule, uzito wake haufiki nusu. Hukwaruzika upesi, lakini haikatiki vipande vikali ikianguka.

Sasa vifaa vyenyewe, nikianza na kile ambacho ningemnunulia mama yangu bila hata kumuuliza.

1. Skrubu na fisha

Fisha ni kile kibomba cha plastiki kinachotangulia skrubu tunduni. Kwa ukuta wa tofali au zege sioni mshindani. Fisha ya nailoni tunayoijua ilibuniwa mwaka 1958 na Mjerumani Artur Fischer, na bila shaka umeshasikia jina lake likitoka midomoni mwa mafundi. Kazi yake ni rahisi: skrubu ikiingia, plastiki inatanuka na kung'ang'ania kuta za tundu. Kadiri unavyokaza ndivyo inavyoshika.

Kwa picha nyingi za nyumbani, fisha ya mm 6 na skrubu ya mm 4 au 4.5 inatosha. Urefu wa skrubu ndiyo sehemu inayokosewa sana. Inatakiwa ipite fisha yote, itokeze kidogo mwisho wake, na bado ibaki milimita chache nje za kushikia picha. Kwa fisha ya mm 30, chukua skrubu ya mm 45 hivi. Tena kumbuka kwamba lipu siyo ukuta. Ni ngozi tu. Fisha iliyoishia kwenye lipu itatoka nayo siku moja, kipande kizima, kwa hiyo kwenye lipu nene nunua fisha ndefu zaidi ili iingie kwenye tofali lenyewe.

Pamoja nayo nunua biti ya mm 6 ya kutobolea tofali, ile yenye ncha ngumu iliyopanuka kidogo. Biti ya mbao ikikutana na zege huungua ncha na kukuachia alama tu. Tundu liwe refu kuliko fisha kwa mm 5 hadi 10, na upulize vumbi litoke, la sivyo fisha itagota njiani. Likitokea tundu pana kuliko ulivyotaka, usijaze njiti za kiberiti. Najua kila mtu anafanya. Nunua fisha ya saizi inayofuata, utoboe upya palepale.

Usitoboe kwenye mstari ulionyooka juu, chini wala pembeni mwa swichi au soketi, kwa kuwa nyaya za umeme kwa kawaida hupita huko.

Na kama ukuta wako ulilia debe? Fisha ya kawaida haina cha kushika kwenye jipsamu. Uliza ile yenye mbawa mbili za chuma zinazofunguka nyuma ya bodi, au tafuta ubao wa kiunzi cha ukuta uliojificha nyuma ya bodi na ukaze skrubu ya mbao humo. Njia hii ya pili ni nafuu na imara zaidi, ila ubao nao haukai pale unapotaka picha ikae.

2. Reli ya juu

Huu ni ukanda mwembamba wa alumini unaofungwa karibu na dari. Kamba au nyaya zinateremka kutoka kwake, na kila moja ina kulabu unayoweza kuipandisha na kuishusha. Kwa mtu anayebadilisha picha kila mara, reli ni mkombozi: unatoboa siku moja, kisha miaka inapita bila tundu jipya. Ningeipa namba moja kama isingekuwa bei yake, na kama yenyewe isingefungwa kwa fisha zilezile. Wapo wasiopenda kuona kamba. Mimi baada ya wiki sizioni tena.

3. Rafu nyembamba ya picha

Picha haitundikwi, inaegemezwa tu. Chagua yenye ukingo wa mbele, vinginevyo fremu zitateleza. Inafaa kwa picha ndogo ndogo unazotaka kuzipanga moja ikiifunika nyingine kidogo. Usiiweke juu ya kichwa cha kitanda, wala kwenye ukuta wenye mlango unaobamizwa.

4. Kulabu ya msumari wa mshazari

Kikulabu cha bati chenye msumari mwembamba unaoingia kwa mteremko. Kwenye ukuta wa mbao kinafanya kazi safi na tundu lake karibu halionekani. Kwenye zege, msumari unapinda pigo la pili.

5. Msumari wa zege

Ni rahisi na unaingia kwa nyundo tu, ndiyo maana upo kila nyumba. Lakini unabomoa lipu, na kwa kuwa chuma chake ni kigumu sana, unaweza kukatika na kuruka usoni. Vaa miwani. Kwa picha ya chini ya kilo 2 siukatai.

6. Vipande vya gundi

Nimeviweka mwisho na najua vinapendwa. Vinavutia kwa sababu havihitaji drili wala fundi. Mimi pia vilinivutia, nikabandika picha ya harusi yenye kioo kwenye ukuta uliopakwa rangi wiki moja nyuma yake. Ilikaa siku nne. Usiku wa tano iliamsha nyumba nzima, na nilipowasha taa nikakuta gundi bado imeshika vizuri kabisa: imeshika utando wa rangi, na rangi ndiyo iliyoachia ukuta.

Hapo ndipo penye tatizo. Gundi haishiki ukuta, inashika kilichopakwa juu yake. Kwenye chokaa, rangi inayoacha unga mkononi, ukuta wenye mikwaruzo ya mapambo, au chumba chenye mvuke, usipoteze pesa. Kama umepanga na mwenye nyumba hataki matundu, nunua kwa picha nyepesi zisizo na kioo, fuata uzito ulioandikwa kwenye pakiti, safisha ukuta kwa spiriti, kandamiza, kisha subiri saa moja kabla ya kutundika. Wakati wa kubandua, vuta kiulimi chake taratibu kuelekea chini, sambamba na ukuta.

Vitu vidogo vya kuongeza kapuni

Nyuma ya fremu, nunua vipete viwili vya umbo la D. Waya ni wa picha nyepesi, na usiukaze kama uzi wa gitaa. Waya ukipanda kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka mlalo, kila upande wake unavutwa kwa nguvu sawa na uzito mzima wa picha. Ukiukaza hadi nyuzi 15, nguvu hiyo inakaribia mara mbili. Picha nzito achana na waya: ning'iniza kila kipete kwenye skrubu yake. Utapima zaidi, lakini picha haitapinda kila mtu anapofunga mlango.

Pimamaji, penseli na tepu ya karatasi vinatosha kwa upangaji. Kata magazeti kwa ukubwa wa fremu zako, yabandike ukutani kwa tepu, uishi nayo siku mbili. Kitovu cha picha, au cha kundi zima la picha, kikae sm 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Juu ya kochi acha sm 15 hadi 20, na kundi lienee kama theluthi mbili za upana wa kochi. Kati ya fremu na fremu, sm 5 hadi 8. Makosa ninayoyaona zaidi ni picha kutundikwa juu mno, kana kwamba wanaokaa humo ni twiga.

Mwisho chukua vidoti vinne vya mpira kwa kila fremu. Viwili vya pembe za chini vinazuia fremu kuchora ukuta na kuacha hewa ipite nyuma. Viwili vinavyobaki weka akiba, maana lazima kimoja kitadondoka.